Kusoma tabia ya ndege kutoka dirishani

Nyumba nyingi za Pwani, kuanzia Mombasa hadi Lindi, zina walau dirisha moja linaloangalia uani, na uani pana mpapai, mgomba, mwarobaini au mnazi. Ndege hawakosi hapo. Mtu anaweza kuwatazama kwa miaka mingi akaishia kuyajua majina yao tu. Mwingine akakaa kwenye dirisha hilohilo msimu mmoja akaelewa nani anafanya nini, saa ngapi na kwa sababu gani. Kinachowatenganisha wawili hawa ni utaratibu wa kuuliza. Makala haya yanaueleza utaratibu huo hatua kwa hatua, na mfano wetu mkuu ni chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayenyonya maua na ambaye mara kwa mara huonekana akigonga kioo cha dirisha.

Tuanze na maana ya tabia. Kwa matumizi yetu, tabia ni kila tendo la mnyama linaloweza kuonekana au kusikika: kuruka, kugonga, kuimba, kuoga, na hata kutulia kimya tawini. Hilo la mwisho watazamaji wengi hulisahau, ingawa ndege hutumia sehemu kubwa ya mchana akiwa ametulia. Hasira, wivu, furaha na upendo havimo katika orodha hii. Havikatazwi kufikiriwa, lakini ni maelezo ya tendo, nayo maelezo huja baada ya tendo kuandikwa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuandika tendo kabla ya maana yake. Mtu akiandika daftarini kwamba chozi alikuja akapigana na kivuli chake, tayari ametoa hukumu, na hakuna atakayeweza kuipima. Akiandika kwamba dume alitua kwenye nondo saa 1:20 asubuhi, akagonga katikati ya kioo mara kadhaa, akapanua mabawa, akaruka kando, akarudi na kugonga palepale, basi msomaji mwingine ana cha kufanyia kazi. Neno «palepale» lina uzito mkubwa, kama tutakavyoona.

Kabla ya kumsoma ndege ni lazima tulisome dirisha lenyewe, kwa sababu lenyewe ni sehemu ya tukio. Mchana mwanga wa nje ni mwingi kuliko wa chumbani. Kioo cha kawaida hupitisha sehemu kubwa ya mwanga na kurudisha sehemu ndogo. Kwa aliye nje, mwanga unaotoka chumbani ni hafifu mno, kiasi kwamba ile sehemu ndogo iliyorudishwa inaushinda. Anaona taswira ya ua na taswira yake mwenyewe. Aliye ndani, kwa upande wake, anaona nje bila shida, naye haonekani kirahisi. Usiku taa ikiwashwa mambo hugeuka. Dirisha lililowekwa wavu wa mbu kwa nje huficha mtazamaji vilevile, lakini wavu haurudishi taswira. Hii ndiyo sababu mtu mwenye madirisha ya aina zote mbili anaweza kuona jambo kwenye moja na asilione kwenye jingine, hali ndege ni walewale.

Hatua ya pili ni sampuli, yaani namna ya kuchagua nini kitaandikwa kati ya mengi yanayotokea. Hapa ndipo watazamaji wa nyumbani hupotea, nami naona inafaa tukae kidogo. Jicho la mtu huvutwa na kelele, rangi na ugomvi. Mwaka 1974 Jeanne Altmann, mtafiti wa Marekani aliyefanya kazi na nyani wa Amboseli nchini Kenya, alichapisha makala kuhusu mbinu za kuchukua sampuli za tabia. Makala hayo yaliandikwa na mtu aliyewatazama nyani, lakini yanamhusu kila anayemtazama mnyama yeyote. Alionyesha kwamba anayeandika chochote kinachomvutia huishia na daftari lenye matukio ya kuvutia tu, na akihesabu kutoka daftari hilo atapata picha isiyo ya kweli. Wanyama wakubwa, wenye kelele na walio karibu watajaa ndani yake, wanyamavu hawatakuwemo.

Altmann alieleza njia kadhaa za kuepuka hilo, na mbili zinatosha kwa dirishani. Ya kwanza ni kumfuata mnyama mmoja: unamchagua ndege kabla hajafanya lolote la ajabu, unaandika kila anachofanya kwa muda uliopangwa, tuseme dakika 10, kisha unaacha hata kama ndiyo kwanza mambo yamenoga. Ya pili ni kupitisha macho kwa vipindi: kila baada ya dakika 5 unatazama ua wote mara moja, unaandika kila ndege anayeonekana na anachofanya wakati huo tu, halafu unangoja kipindi kinachofuata. Kwa saa nzima unapata vipindi 12. Tuseme tetere alionekana katika vipindi 10, na katika 7 kati ya hivyo alikuwa ametulia tu. Kunguru alionekana katika vipindi 2. Anayeandika kwa kuvutwa angesema asubuhi ile ilikuwa ya kunguru, maana ndiye aliyepiga kelele. Vipindi vinasema ilikuwa ya tetere.

Kuna kikwazo kingine kinachohitaji uangalifu: kumtambua ndege mmojammoja. Chozi wa jana na wa leo ni yuleyule? Margaret Morse Nice, aliyechunguza shomoro waimbaji jirani na nyumbani kwake huko Columbus, Ohio, aliwavalisha ndege wake pete za rangi miguuni ili awatambue, na juzuu mbili alizochapisha mwaka 1937 na 1943 zilijengwa juu ya uwezo huo. Kufunga pete kunahitaji mafunzo na kibali, hivyo mtu wa nyumbani asijaribu. Anaweza kutegemea alama za bahati, kama unyoya uliokatika au mguu wenye kilema. Alama zisipokuwepo, aandike «dume» na asiandike «yule dume». Tofauti ya neno moja inalinda daftari lote.

Sasa tunaweza kulikabili swali lenyewe: kwa nini chozi anagonga kioo? Neno «kwa nini» limebeba zaidi ya swali moja. Mwaka 1963 Niko Tinbergen, mwanasayansi mzaliwa wa Uholanzi ambaye miaka kumi baadaye alishiriki Tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch, aliyatenganisha katika maswali manne. La kwanza: ni nini kinacholianzisha tendo wakati huu? La pili: tendo hili limekuaje katika maisha ya ndege huyu tangu alipokuwa kinda? La tatu: linamsaidiaje kuishi na kuzaa? La nne: limetokaje kwa mababu zake wa zamani, kupitia mageuko ya viumbe? Jibu la swali moja haliwezi kufuta jibu la jingine. Watu wawili wanaobishana, mmoja akisema chozi anagonga kwa sababu ameona taswira, mwingine akisema anagonga kwa sababu analinda maua yake, huenda wote wako sahihi.

Tuchukue swali la kwanza. David Lack, katika kitabu chake cha mwaka 1943 kuhusu robini wa Uingereza, ndege mwenye kifua chekundu, alieleza majaribio ambamo robini alishambulia kishada cha manyoya mekundu kisicho na kichwa wala mkia, lakini mara nyingi akampuuza kinda mkavu aliyejazwa, aliyekamilika viungo vyote ila hana wekundu kifuani. Kitu kama wekundu ule huitwa kichocheo: sehemu ndogo ya mazingira inayotosha kuliamsha tendo zima. Ndege hakuhitaji ndege mwenzake mzima; rangi ilimtosha. Tukilileta hilo dirishani, chozi dume anayeona kwenye kioo rangi za dume mwenzake, zikisogea anaposogea na kutishia anapotishia, amepata vichocheo vingi kuliko robini wa Lack. Taswira haikimbii. Kila akishambulia, inashambulia. Mpinzani wa kweli angekuwa ameshaondoka.

Swali la tatu, la manufaa, ndilo tajiri kuliko yote, na kwa bahati njema mojawapo ya majibu yake mazuri kabisa lilipatikana Kenya. Frank Gill na Larry Wolf walichapisha mwaka 1975 utafiti wao kuhusu chozi mwenye mabawa ya dhahabu, anayeishi nyanda za juu. Chozi huyu hulinda himaya, yaani eneo ambalo mwenyewe hulitumia na kuwafukuza wengine, lenye maua ya rangi ya machungwa ya mmea uitwao Leonotis. Watafiti walikadiria gharama ya kila tendo kwa kalori ndogo, zile ambazo 1,000 kati yake hufanya kilokalori moja. Kutulia kulimgharimu ndege kalori 400 kwa saa. Kutafuta chakula, 1,000. Kufukuza wavamizi, 3,000.

Hesabu yenyewe inaendelea hivi. Ua likiwa na mikrolita 2 za nekta, ambayo ni maji matamu yake, chozi anahitaji saa 4 kujitosheleza kwa siku. Likiwa na mikrolita 3, saa 2.7 zinatosha. Eneo lililolindwa huwa na nekta zaidi katika kila ua, kwa kuwa hakuna mwingine anayeinyonya. Tuseme basi kwamba ulinzi umepandisha nekta kutoka mikrolita 2 hadi 3. Ndege ameokoa saa 1.3 za kutafuta, na kila saa anayoiokoa kwa kutulia badala ya kutafuta ni akiba ya kalori 600. Akiba yake ni kalori 780. Ulinzi nao ulichukua wastani wa saa 0.28 kwa siku, na kila saa ya kufukuza inazidi ile ya kutulia kwa kalori 2,600. Gharama yake ni kalori 728. Faida ipo, lakini nyembamba. Maua yakiwa na nekta nyingi kila mahali, kulinda hakuongezi kitu, na ndege huacha kulinda. Himaya hizo zilitofautiana sana kwa ukubwa wa ardhi, lakini idadi ya maua ndani yake ilikaribiana, kama 1,600 hivi, kiasi kinachokidhi mahitaji ya ndege mmoja.

Tukirudi uani kwetu, hesabu hii inatupa jambo la kuchunguza ambalo bila yake tusingelifikiria. Machozi wetu wa Pwani si wa aina ile, na tarakimu zile hatuwezi kuzihamisha kama zilivyo. Kanuni ndiyo inayohama: ulinzi hufanyika pale unapolipa. Basi daftari lionyeshe, kando ya kila tukio la kugonga kioo, hali ya maua. Mgomba umefungua maua? Mpapai umechanua karibu na dirisha? Kugonga kukiongezeka siku ambazo kuna maua machache ya kugombewa, na kupungua yanapokuwa mengi kila upande au yanapokosekana kabisa, maelezo ya himaya yamepata nguvu. Kusipofuata maua, huenda kinacholindwa ni jike au kiota, na hilo nalo lina dalili zake.

Hapa niweke maelezo pinzani, kwa sababu uchambuzi usio na mpinzani ni dhaifu. Chozi hali nekta peke yake. Hula wadudu wadogo na buibui, na utando wa buibui ndiyo uzi anaofungia kiota chake kinachoning'inia. Fremu za madirisha yetu zimejaa utando. Ndege anayepapasa pembeni mwa dirisha kwa mdomo anaweza kabisa kuwa anachuma buibui au uzi wa kujengea, na taswira haimhusu. Ndiyo maana «palepale» na «katikati ya kioo» yalikuwa maneno mazito. Anayechuma utando ataelekea pembe na mianya ya fremu, hatapanua mabawa kwa kutisha, na ataondoka na kitu mdomoni. Katika machozi walio wengi jike ndiye mjenzi mkuu, hivyo ndege wa rangi ya kijivu au kijani kilichofifia aliye kwenye pembe ya dirisha ana hadithi tofauti na dume mwenye kumetameta aliye katikati.

Jaribio la kuyaamua maelezo haya mawili ni rahisi, na kila nyumba inaweza kulifanya. Funika nusu ya kioo kwa nje kwa karatasi au kitambaa kisichong'aa, acha nusu nyingine wazi, na usiguse utando wa pembeni. Lazima iwe nje, kwa kuwa pazia la ndani haliondoi taswira. Likiwa jeusi huizidisha. Siku inayofuata badilisha upande. Kama kinachomvuta ni taswira, kugonga kutahamia kwenye nusu iliyo wazi kila inapohama. Kama ni utando, karatasi haitabadili kitu. Kwa dume anayegonga katikati ya kioo, hukumu yangu ni kwamba taswira ndiyo inayomshughulisha, na baada ya kuhakikisha hivyo ni wajibu wetu kukifunika kioo chote kwa kipindi chote anachoendelea kugonga. Tumeona kufukuza kunagharimu mara tatu ya kutafuta chakula. Ndege yule analipa gharama hiyo bila kupata hata tone moja la nekta, na chanzo cha hasara ni kioo chetu.

Mfano wa pili tuupitie kwa kasi zaidi. Minana wanapojenga kwenye mnazi, watu husema dume ni mkorofi kwa kuwa huonekana akikivunja kiota alichokisuka mwenyewe. Nicholas na Elsie Collias waliwachunguza kwa miaka mingi minana wa manjano wenye kichwa cheusi. Dume husuka kwa majani mabichi, kisha huning'inia chini ya kiota akipigapiga mabawa jike anapokaribia. Jike huingia kukagua. Akikikubali, huleta malazi laini ya ndani. Akikikataa, kiota hukauka na kupoteza ukijani wake, na majike huvutwa zaidi na kiota kibichi. Dume hukivunja na kuanza upya. Mwenye dirisha anaweza kulithibitisha hili kwa kuandika rangi ya kila kiota na kama kuna jike aliyeingia. Atakuta kuvunja kuna mpangilio wake.

Lakini yako mambo ambayo dirisha haliyaoni hata likikaliwa miaka ishirini. Mayai ya minana hawa hutofautiana rangi na madoa kati ya jike na jike, na tofauti hizo humsaidia mama kulitambua yai la kekeo, ndege anayetaga katika viota vya wengine. Mwaka 2005 David Lahti alionyesha kwamba minana waliopelekwa Mauritius na Hispaniola, ambako kekeo huyo hayupo, wamepungukiwa na tofauti hizo. Hilo ni jibu la swali la nne la Tinbergen, na limehitaji visiwa viwili na muda mrefu. Mtazamaji wa dirishani hana budi kukiri mpaka wa swali lake.

Mpaka huo huvukwa mara nyingi zaidi tunapomzungumzia kunguru mweusi wa Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili ale taka, na leo ameenea Pwani nzima. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni 1 katika miji ya Pwani. Mwenye dirisha akiona kunguru akitoa kinda la tetere kiotani, ameona jambo la kweli na la kuandikwa. Akisema kwa sababu hiyo tetere wamepungua mtaani, amesema jambo ambalo dirisha moja haliwezi kulibeba; kupungua kunahitaji hesabu ya mahali pengi kwa njia moja na kwa miaka kadhaa. Dirisha lake linaweza kuchangia hesabu hiyo kwa sharti moja: aandike pia siku ambazo hakuona kitu. Sifuri ni taarifa, na daftari lisilo na sifuri haliwezi kulinganishwa na daftari lingine.

Suala la kuwawekea ndege maji au makombo linahitaji neno moja. Chombo cha maji kinaongeza ndege karibu na dirisha, lakini pia kinabadilisha tabia inayotazamwa: ndege ambao kwa kawaida hawakutani sasa wanapangiana zamu, na wakubwa huwatangulia wadogo. Andika tarehe chombo kilipowekwa, na usichanganye matokeo ya kabla na ya baada. Maji yamwagwe na chombo kisuguliwe kila siku, kwa kuwa mbu wa dengi huzaliana katika maji madogo yaliyotuama, na Dar es Salaam imekwisha kuugua dengi vya kutosha.

Mahali ambapo dirisha la Pwani lina nguvu ya pekee, kwa maoni yangu, ni katika swali la wakati. Ndege wa Ulaya hutegemea sana urefu wa mchana kujua msimu wa uzazi, kwa sababu huko mchana wa kiangazi na wa baridi hutofautiana kwa saa nyingi. Dar es Salaam tofauti hiyo haifiki saa moja kwa mwaka mzima. Mvua ndiyo inayobadilisha ua: inaleta majani mabichi ya kusukia, wadudu wa kulishia makinda, na maua. Mvua zenyewe, masika na vuli, hazifiki tarehe ileile kila mwaka. Mtu anayeandika siku ya mvua kubwa ya kwanza, siku ya kiota cha kwanza cha kijani kwenye mnazi na siku jike wa kwanza alipoingia, akafanya hivyo mwaka baada ya mwaka kutoka dirisha lilelile, atajua ni siku ngapi hupita kati ya mvua na ujenzi, na kama idadi hiyo hubaki ileile masika ikichelewa. Kalamu, kalenda ya ukutani na kopo la kupimia mvua vinatosha kuianza kazi hiyo vuli ijayo.